LLM ya London haikuvishi wigi

Mdogo wangu, pamoja na wazee wote wa kundi la familia, voisi zenu nimezisikiliza. Eti kiwanja cha Kigamboni kiuzwe, dogo aje London kusoma LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, ya mwaka mmoja, akimaliza avae wigi la mawakili wa mahakamani na kuanza kulipwa pauni. Nani kawaambia? Wakala wa vyuo anayekula kamisheni kwa kila kichwa anachokileta?

LLM ni elimu, si leseni. Ipate kwa alama za juu uwezavyo, bado hujawa wakili wa hapa.

Anayetaka kuwa solisita, yaani wakili wa ofisini wa mikataba, nyumba, mirathi na maandalizi ya kesi, anafanya SQE, mtihani wa kufuzu usolisita. Sehemu ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, 180 kwa kila karatasi, bila kitabu. Kila swali lina kama dakika moja na sekunde 40, na majibu manne kati ya matano yanafanana na ukweli. Sisi tuliofundishwa kumwaga insha tunaumia hapo. Ardhi nayo itakutesa: umezoea ardhi ya umma na hati ya miaka 99, hapa Uingereza mtu anamiliki moja kwa moja. Sehemu ya pili ni mazoezi 16, 12 ya kuandika na manne ya mdomo. Ada ya mitihani yote ni karibu pauni 5,000, masomo ya kujiandaa hayamo. Kila sehemu unaruhusiwa mara tatu ndani ya miaka sita.

Halafu kuna miaka miwili ya kazi ya sheria, na hapa ndipo viza inapokunyonga. Ukimaliza LLM unapewa viza ya mhitimu ya miaka miwili. Watakaoiomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18. Ikiisha, lazima mwajiri akudhamini, na kima cha kawaida ni mshahara wa pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wanaoanza wana nafuu kidogo. Msaidizi wa mawakili halipwi hivyo. Basi mtu ana shahada mbili na anapanga mafaili, huku akihesabu miezi.

Ubarista, yaani uwakili wa kusimama mahakamani, ule wa wigi, ndio usiseme. Unajiunga na kimojawapo cha vyama vinne (Gray's Inn, Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple), unalipa kozi ya pauni 13,000 hadi karibu 20,000, unaitwa rasmi barista, picha zinapigwa, nyumbani mnachinja mbuzi. Lakini bila miezi 12 chini ya barista mzoefu, sita ya kutazama na sita ya kusimama mwenyewe, huruhusiwi kufanya kazi hiyo. Nafasi hizo ni chache kuliko wahitimu, na una miaka mitano tu ya kuipata baada ya kozi. Ukiipata, wengi hawana mshahara: wanajitegemea na kuichangia chemba, yaani ofisi yao ya pamoja, sehemu ya mapato.

Kwa hiyo usije. Nenda Law School ya Tanzania, uapishwe uwakili, fanya kazi Dar. Wakili aliyekwisha kusajiliwa kwao hadaiwi ile miaka miwili, na akiwa na uzoefu anaweza kuomba asamehewe sehemu ya pili ya SQE. Ya kwanza inafanyika hata nje ya Uingereza, kwenye vituo vya Pearson VUE, kampuni ya mitihani.

Lakini ukipata ufadhili kamili, panda ndege hata kesho, nitakupokea mwenyewe na koti ninalo. Ila soma masharti: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka urudi nyumbani angalau miaka miwili.

Kiwanja kisiguswe. Ada ya Law School nusu natoa mimi, nusu ongea na baba mdogo. Ankara ya LLM usinitumie.