Shangazi Anajibu: Kaka katoka Mirembe

Swali: Shikamoo shangazi. Kaka yangu alilazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Sasa anaendelea vizuri na dawa, ila mtaani wanamwita chizi, na timu yake ya mchangani haimpangi tena. Tufanyeje?
Dada mtu, Morogoro

Jibu: Marahaba mwanangu. Hotuba usianze nazo, watu watasinzia. Kaka akiridhia, nenda naye kwa kocha arudi mazoezini. Akishapiga krosi mbili tatu, mdomo wa mtaa utatafuta kazi nyingine. Kule Harare, Zimbabwe, tangu 2006, mabibi waliofunzwa hukaa kwenye mabenchi ya zahanati wakisikiliza wenye msongo, mchana kweupe. Hapo ndipo waliponifurahisha: hakuna kujificha. Na dawa asiache mpaka daktari aseme, hata akifunga mabao matatu.