Mawe hai ya bei nafuu kwa tangi jipya la maji ya chumvi

SWALI: Ninaandaa tangi la samaki wa bahari la lita 200 nyumbani kwangu Nairobi. Mawe hai, yaani mawe yenye matundu yaliyoota bakteria na viumbe wadogo wanaosafisha maji ya tangi, yananishinda bei madukani. Rafiki yangu aliyeko Mombasa ameahidi kunitumia gunia la mawe ya mwambani kwa basi la usiku, na muuzaji mmoja ameniambia kwamba nikiyachemsha kwanza, kisha nikamimina chupa moja ya bakteria tangini, ninaweza kuweka samaki siku hiyo hiyo. Je, niufuate ushauri huo?

JIBU: La, usiufuate, na tafadhali mwambie rafiki yako asing'oe jiwe lolote mwambani. Barua za namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu zote zimejengwa juu ya dhana moja potofu: kwamba uhai wa jiwe hai ni bidhaa inayonunuliwa ikiwa tayari, na kwamba asiye na pesa nyingi hana budi kuutafuta kwa njia ya mkato. Ukweli ni kwamba unachopaswa kulipia ni jiwe tu, tena jiwe kavu. Uhai wenyewe ni bakteria, nao huzaliana bila malipo mradi wapate chakula, oksijeni na muda.

Jiwe hufanya kazi kwa sababu ya vinyweleo vyake. Juu yake na katika matundu ya karibu, bakteria wanaotumia oksijeni huigeuza amonia, yaani sumu inayotoka kwa samaki na katika mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati. Ndani zaidi, mahali ambapo oksijeni haifiki, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka majini. Hakuna hata mmoja kati yao anayechagua kama jiwe lilitoka Fiji au kwenye machimbo ya Kilifi. Fiji yenyewe, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawe hai duniani, ilipiga marufuku biashara hiyo mwishoni mwa 2017. Huko Florida, ambako uvunaji wa mawe ya asili ulikomeshwa katika miaka ya 1990, wafugaji huchukua mawe ya chokaa kutoka machimboni, wakayatumbukiza baharini katika maeneo waliyopewa kibali, na kuyavuna yakishaota viumbe. Kama jiwe la machimbo linawafaa wao, litakufaa na wewe.

Ukanda wetu wa pwani umekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na ndiyo mawe tunayojengea nyumba. Usinunue matofali yaliyokatwa kwa mashine, kwa kuwa mengi ni mazito na huenda yamelowa oili ya msumeno. Omba vipande vilivyovunjika, vyenye matundu, vinavyokuwa vyepesi mkononi kuliko macho yalivyotarajia. Dondoshea maji kidogo juu ya kipande kikavu: yakinywewa papo hapo, kichukue, yakitiririka, kiache. Kilo 15 hadi 20 za mawe ya namna hiyo zinatosha tangi lako. Yasugue, yaloweke siku moja katika jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa kumi za maji, yasuuze, kisha yaanike juani hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Jiki isikutane na asidi ya aina yoyote, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua. Baada ya hapo yaloweke katika maji safi na upime fosfeti. Ikiwa juu, badilisha maji na urudie, la sivyo mwani utakusumbua kwa miezi mingi.

Mbegu ya uhai ni kilo moja tu ya jiwe lililokomaa kutoka katika tangi la mtu unayemwamini, ambalo umelikagua usione anemoni wadogo wa Aiptasia, kwa sababu mmoja akiingia watazaliana hadi wajae. Weka mawe yote katika maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 au 26, washa pampu, acha taa zimezimwa, kisha ongeza amonia, iwe chakula cha bakteria, hadi ifike miligramu 2 kwa lita. Siku ambayo kiasi hicho kitaisha ndani ya saa 24, na nitriti nayo isionekane kwenye kipimo, tangi liko tayari kwa samaki mmoja au wawili. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Baadhi ya chupa za bakteria zina bakteria wa kweli na huweza kupunguza muda huo, lakini chupa iliyokaa juani dukani yaweza kuwa na maji tu, na hakuna chupa inayokuondolea wajibu wa kupima. Anayekuambia uweke samaki siku hiyo hiyo anauza samaki wa leo na wa wiki ijayo, kwani amonia huwa na sumu kali zaidi katika maji ya bahari, ambayo pH yake (kipimo cha asidi na alkali) huwa karibu na 8.2.

Gunia la rafiki yako lingekuletea hasara nyingine. Sponji, minyoo na kombe waliomo ndani ya mawe hayo wangekufa njiani, na asubuhi ungefungua gunia linalonuka mayai viza, lenye utando mweupe unaoteleza, ambao ungemwaga amonia tangini kwa wiki kadhaa. Isitoshe, ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuchukua jiwe ni kosa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani hii, na tumbawe gumu la aina ya Porites hurefuka takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Mwamba huo ndio makao ya samaki wa wavuvi wetu.

Lakini linalonitisha zaidi katika ushauri uliopewa ni kuchemsha, na hili nawaambia wasomaji wote wenye matangi. Baadhi ya vimatumbawe laini vinavyoota juu ya mawe, vyenye umbo la vifungo vya nguo, hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe vya bahari. Kuchemsha hakuiharibu kwa namna ya kutegemewa. Mvuke huirusha hewani, ikavutwa na kila aliyemo nyumbani. Mwaka 2018 huko Steventon, Uingereza, familia moja pamoja na wazimamoto walipelekwa hospitali baada ya tangi kusafishwa, na hapo hakuna aliyechemsha kitu. Kwa hiyo jiwe lililotoka majini lisichemshwe, lisimwagiwe maji ya moto, wala lisisuguliwe likiwa kavu. Lishike kwa glavu, vaa miwani ya kukinga macho, na watoto wakae mbali. Mtu akipata ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli au kubanwa kifua baada ya kushika mawe hayo, atoke nje kwenye hewa safi, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na daktari aambiwe waziwazi kwamba huenda ni palitoksini, kwa sababu bila kuambiwa anaweza kuidhania mafua au malaria.