Maswali na Majibu: Niambieni Kwanza Ana Miaka Mingapi

Barua nyingi mwezi huu zinauliza jambo moja: fulani anatamba katika ligi ndogo za besiboli Marekani, je, atafika Ligi Kuu? Wengi mnaleta wastani wa kupiga (.330 ni kupiga vyema mara 33 katika mia) na hom rani (mpira uliopigwa ukavuka uzio), mnasahau umri wa mchezaji na ngazi anayochezea (Single-A, kisha Double-A, kisha Triple-A iliyo karibu na Ligi Kuu). Bila hivyo viwili sina cha kujibu, na nitaendelea kulisema hili mpaka mzoee.

Kuna mpigaji wa Triple-A namfuatilia hapa kwetu. Ana wastani wa .330 na hom rani 20, na bado hawampandishi. Wanamwonea? (Msomaji, Salt Lake City)

Ana miaka mingapi? Hujasema. Kama ana 21, una haki ya kupiga kelele. Kama ana 28, huyo ni mtu mzima anayekutana na warushaji aliokwisha kuwazoea, na klabu yake inalijua hilo kuliko mimi na wewe.

Halafu kuna uwanja. Mji wako uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Albuquerque inapita 1,500. Hewa ikiwa nyepesi mpira huruka mbali zaidi, na ule wa kupinda haupindi sana, kwa hiyo mpigaji anafaidika mara mbili. Anayejua kusoma takwimu za Pacific Coast League, ligi ya Triple-A yenye miji hiyo, huzipunguza kwanza.

Mnamkumbuka Brandon Wood wa Angels? Mwaka 2005, akiwa na miaka 20, alipiga hom rani 43 katika California League, ligi nyingine iliyowapendelea wapigaji. Umri wake ulikuwa mzuri kabisa. Lakini msimu uleule alitolewa kwa straiki, yaani kwa kukosa au kuiacha mipira mitatu mizuri, zaidi ya mara 120, na alipopanda Double-A mwaka uliofuata hali ikazidi. Warushaji wa Ligi Kuu walipoliona tundu hilo hawakutoka hapo. Alimaliza safari yake ya Ligi Kuu na wastani wa .186.

Sasa mtazame Juan Soto. Mwaka 2018 alianza msimu Single-A akiwa na miaka 19. Akacheza michezo 39 tu katika ngazi tatu, na tarehe 20 Mei alikuwa ameshaingia uwanjani na Washington Nationals. Kilichompandisha ni jicho: aliiacha mipira mibaya ipite, mbele ya warushaji waliomzidi umri kwa miaka kadhaa. Jicho la namna hiyo halitegemei mwinuko wa mji.

Kuhusu kuonewa, hutokea, na huwa ni kwa sababu ya pesa. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimweka Kris Bryant Triple-A hadi tarehe 17 Aprili. Kwa kuchelewa huko alimaliza msimu na siku 171 za utumishi katika Ligi Kuu, na mwaka kamili huhesabiwa kwa siku 172. Siku moja hiyo iliwapa klabu mwaka mzima zaidi wa kummiliki kabla hajawa huru kwenda kwingine. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa. Mimi naona ulikuwa uonevu mtupu, kanuni iwe imesema nini. Ila huyo alikuwa Bryant, aliyekuja kuwa Mchezaji Bora Chipukizi msimu uleule. Wa kwako sijui kama ana miaka 21 au 28.

Nipe namba moja tu ya kutazama. (Msomaji, Mwanza)

Umri wake ukilinganishwa na umri wa wenzake katika ngazi hiyo. Ukitaka ya pili, hesabu anatolewa kwa straiki mara ngapi katika kila mara mia anazosimama kupiga.

Nimesoma ripoti ya skauti. Kinda amepewa 55 kwa upigaji na wanamsifu. Shuleni kwangu 55 si alama ya kusifiwa. (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, usiisome kama karatasi ya mtihani. Kipimo cha maskauti huanzia 20 na kuishia 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu. Anayepata 55 anatarajiwa kupiga vizuri kuliko wengi walioko kule juu. Alama ya 80 hutolewa kwa nadra sana.

Kinachoniudhi ni kwamba ripoti huwa na namba mbili, ya leo na ya kesho, na wanaozisambaza huitoa ya pili peke yake. Kijana aliyeandikiwa 30 leo na 55 kesho bado hajui kupiga. Skauti anaamini atajifunza. Kati ya 30 na 55 pana miaka minne au mitano ya kazi, na wengi huishia katikati.

Tena kati ya vipaji vitano vinavyopimwa, yaani kupiga, nguvu, mbio, ulinzi na mkono, mbio unazipima kwa saa na mkono kwa rada. Kupiga ndiko kugumu kukutabiri, na ndiko kunakoamua mengi.

Ameitwa Ligi Kuu, ana wastani wa .179. Amekwisha? (Msomaji, Nakuru)

Aaron Judge alimaliza 2016 na .179 hiyohiyo, ametolewa kwa straiki mara 42 katika zamu 84. Mwaka 2017 alipiga hom rani 52. Subiri.

Michael Jordan alidanganya watu tu na besiboli yake, sivyo? .202 ni aibu. (Msomaji, Mombasa)

Sivyo, na nashangaa swali hili halichoki kurudi. Mwaka 1994 Jordan alikuwa na miaka 31, hajacheza besiboli ya ushindani tangu sekondari, na White Sox wakampeleka moja kwa moja Double-A, Birmingham. Double-A ndipo warushaji wanaanza kurusha mpira wa kupinda wakati wowote wanaotaka, na ndipo vijana wengi waliolelewa na mchezo huu tangu utotoni hukwama. Yeye katika michezo 127 alitolewa kwa straiki mara 114, ndiyo, lakini alipewa besi ya bure kwa kuiacha mipira minne mibaya mara 51, na akaiba besi 30, yaani alikimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa. Kwa mtu aliyeanza upya katika umri ule, kazi ile naiheshimu. Je, angekuwa chipukizi wa kuwekea matumaini? Hapana, na sababu ni ileile ninayoirudia: miaka 31.

Aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ana uhakika wa kufika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hana. Drafti ni zamu za klabu kuchagua vijana wapya, raundi kwa raundi. Mwaka 1966 Mets walimchagua Steve Chilcott wa kwanza, na Reggie Jackson, aliyekuja kuwa gwiji, akaenda wa pili. Chilcott hakugusa Ligi Kuu hata siku moja. Brien Taylor, chaguo la kwanza la Yankees mwaka 1991 kwa bonasi ya dola milioni 1.55, aliumia bega katika ugomvi wa nje ya uwanja, naye hakufika. Mark Appel, wa kwanza mwaka 2013, aliingia Ligi Kuu mwaka 2022 akiwa na miaka 30.

Kwa upande mwingine, Albert Pujols, aliyekuja kuwa mmoja wa wapigaji wakubwa, alichaguliwa raundi ya 13 mwaka 1999, na Mike Piazza raundi ya 62 mwaka 1988. Piazza leo yumo katika Ukumbi wa Magwiji. Na hapa niseme jambo ambalo hukuuliza: tangu 2021 drafti ina raundi 20 tu, na mwaka huohuo timu za ligi ndogo zilizo chini ya klabu kubwa zilipunguzwa zikabaki 120. Wanaita ufanisi. Mimi naona wamefunga mlango waliopitia wanaochelewa kukomaa, na mchezo utapoteza watu ambao hatutawajua kamwe.

Mwanangu ana miaka 18, ni mdakaji hodari na mkono anao. Kuna anayejiita wakala anasema tuandikishe cheti upya kiseme 16, ndipo klabu za Marekani zitamtazama. Anasema kila mtu anafanya hivyo. (Mama, Jinja)

Mama, usikubali. Nakuomba usome jibu hili hadi mwisho.

Wakala huyo anajua anachofanya. Klabu za Ligi Kuu huwasainisha vijana wa nje kuanzia miaka 16, na kinachonunuliwa ni matarajio. Kijana wa 16 mwenye mkono fulani atakua na kuongeza nguvu. Wa 18 mwenye mkono uleule ameshakula miaka miwili ya hiyo akiba. Kwa hiyo umri ndio bei yenyewe. Anayekushauri ukate miaka miwili anataka bei ipande ili fungu lake likue, na kosa likigundulika jina lililoko kwenye cheti ni la mwanao.

Na hugundulika. Mwaka 2006 Nationals walimlipa kijana wa Jamhuri ya Dominika dola milioni 1.4 wakiamini ana miaka 16. Mwaka 2009 ikabainika jina si lake na ana miaka minne zaidi. Utaambiwa habari za Miguel Tejada, aliyejipunguzia miaka miwili na akawa Mchezaji Bora mwaka 2002. Kweli, ila naye alikuja kubanwa mbele ya kamera mwaka 2008 mpaka akakiri, na kwa Tejada mmoja wapo wengi waliorudishwa nyumbani mikono mitupu.

Uganda inalijua hili kuliko mtu yeyote. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto. Wakanyimwa viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye hati hazikulingana. Walioathirika ni timu nzima, pamoja na waliosema ukweli. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi ndio wakaenda, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Sisi tuliokulia kwenye mashindano ya soka ya vijana yaliyojaa vijeba tumezoea kulicheka jambo hili. Tuache kulicheka.

Miaka 18 haijamfungia mwanao mlango. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 akiwa na 18. Tangu 2022 Dodgers na Pirates wote wamesaini vijana kutoka Uganda, kwa hiyo maskauti njia wanaijua. Mpige picha za video akirusha kuelekea besi ya pili huku saa inahesabu, na umwonyeshe akipiga mpira unaorushwa na mtu, wa kuning'inizwa hautoshi. Andika tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Na klabu ya Ligi Kuu haitozi ada ya majaribio. Anayekuomba hela ya usajili, mfungie mlango.

Nafundisha vijana. Nina mrushaji wa miaka 15, tunamrushisha kila siku mbele ya rada ili tupate video ya kasi kubwa. Tuendelee? (Kocha, Kampala)

Acheni leo hii. Mwongozo wa Ligi Kuu na USA Baseball kwa umri wa miaka 15 na 16 ni mipira isiyozidi 95 kwa siku, na akifikisha 76 anapumzika siku nne. Kurusha kwa nguvu zote kila siku ni kuichana kano ya kiwiko polepole.

Stephen Strasburg alikuwa na madaktari na wakufunzi wote wanaopatikana kwa pesa. Tarehe 8 Juni 2010, mchezo wake wa kwanza Ligi Kuu, aliwatoa wapigaji 14 kwa straiki. Septemba mwaka huohuo alikuwa mezani kwa upasuaji wa Tommy John, ule wa kurekebisha kano ya kiwiko. Alipona, na mwaka 2019 akawa Mchezaji Bora wa World Series, yaani fainali ya Ligi Kuu, lakini klabu ndiyo iliyolipa upasuaji na mwaka mzima wa mazoezi ya kumrejesha. Huyo wako wa miaka 15 atalipiwa na nani? Mwacheni akue. Kasi huja na mwili, na skauti anayejua kazi atautazama mwendo wa mkono wake hata rada ikisoma kidogo.

Ngoepe alisubiriwa miaka mingi halafu hakudumu. Walimwonea kwa kuwa ni Mwafrika? (Msomaji, Muscat)

Glovu yake ilikuwa ya Ligi Kuu tangu mapema, na ndiyo iliyombeba karibu miaka tisa katika ligi ndogo. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na zamu yake ya kwanza akaupiga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika besi. Mwaka ule alicheza michezo 28 na wastani wa .222. Kilichomrudisha chini ni gongo. Alitolewa kwa straiki mno katika kila ngazi aliyopita, na dalili zilikuwepo kwa yeyote aliyetazama.

Sababu yake ni rahisi na inauma. Mtoto wa Dominika hukutana na mrushaji halisi mara elfu kadhaa kabla ya kufika 16. Mtoto wetu hukimbia, hudaka na hurusha, kwa sababu hayo yanahitaji uwanja na mpira tu. Kupiga kunahitaji wa kukurushia, kila siku, kwa miaka. Mashirikisho yetu yanapopata msaada yanunue mashine za kurushia mipira kabla ya sare mpya.

Akisaini tu, maisha yamekuwa mazuri? (Msomaji, Arusha)

Mkataba wa kwanza wa chama cha wachezaji wa ligi ndogo, wa mwaka 2023, uliweka kima cha chini cha dola 19,800 kwa mwaka katika ngazi ya chini kabisa, na 35,800 Triple-A, ambako awali ilikuwa 17,500. Mwaka huohuo kima cha chini Ligi Kuu kilikuwa 720,000. Wengi wa wanaosaini hawaioni hiyo ya mwisho. Kabla hajaweka sahihi, ulizeni bonasi ni kiasi gani na wakala anakata ngapi, na majibu yote mawili yaandikwe.