Tangi Likitokota Sana, Usifurahi

Meneja wa hoteli niliyokuwa nikiifanyia kazi, huko Zanzibar ufukweni, hakuwa mtu wa kufika upande wetu. Siku aliyofika alisimama ukingoni mwa tangi la kusafishia majitaka, leso puani, akatabasamu.

"Fundi, leo mtambo unachapa kazi kwelikweli."

"Ndiyo, bosi."

Na mimi niliamini hivyo hivyo. Pembe moja ya tangi ilikuwa ikitokota kama sufuria ya maji kabla hujatia unga wa ugali, mapovu makubwa kama ngumi yanapasuka juu. Sehemu iliyobaki ilikuwa imetulia, lakini jicho hukimbilia penye vurugu. Siku ya nne harufu ya mayai viza ikafika mgahawani, wageni wako kwenye chai ya asubuhi. Bosi akaja tena. Safari hii hakuleta tabasamu.

Kilichotokea ni kwamba mpira wa difyuza moja chini ya tangi ulikuwa umechanika. Difyuza ni zile sahani zilizofunikwa mpira wenye vitundu vidogo sana. Hewa ikisukumwa kutoka kwenye blowa, mashine ya kupuliza hewa, hupenya humo na kutoka kama mapovu madogo. Mpira ukichanika, hewa hufuata njia nyepesi. Karibu yote ilikuwa ikitokea kwenye ule mpasuko mmoja, na difyuza nyingine zikabaki hazina pumzi. Mimi naona mapovu, kumbe bakteria wanaoyala machafu wanakufa njaa ya oksijeni.

Hapo ndipo nilipojifunza kutofautisha hewa na oksijeni. Hewa unayoiona ikipasuka juu ni ile iliyoshindwa kuyeyuka, inarudi ilikotoka. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya maji kupitia ngozi ya povu. Piga hesabu hii: povu moja lenye kipenyo cha milimita 20 ukiligawa kuwa mapovu ya milimita 2, utapata mapovu 1,000, na eneo la kugusana na maji linaongezeka mara 10. Hewa ni ile ile, umeme ni karibu ule ule. Tena povu dogo hupanda taratibu, kwa hiyo lina muda wa kutoa lilicho nacho. Povu kubwa hupita kama daladala isiyo na abiria wa kushusha.

Anayelishwa mle ndani ni tope. Edward Ardern na William Lockett kule Manchester ndio waliotangaza jambo hili mwaka 1914. Walipuliza hewa kwenye majitaka ndani ya chupa, na mara ya kwanza kazi ya kuyasafisha ilichukua wiki kadhaa. Kisha, badala ya kumwaga tope lililobaki chini, waliliacha, wakaongeza majitaka mapya, wakapuliza tena, wakarudia hivyo hivyo. Mwishowe kazi ya wiki ikawa ya chini ya saa 24. Tope lile lilikuwa jeshi la bakteria. Sisi mafundi wa leo kazi yetu ni ile ile: kulitunza jeshi, kulipa pumzi.

Kiasi gani cha pumzi? Mimi hulenga miligramu 2 za oksijeni kwa lita moja ndani ya tangi. Ikishuka chini ya 1 kwa muda mrefu, bakteria wa aina ya nyuzinyuzi huanza kutawala, tope linakuwa kama pamba na halitui. Ikikaa 4 au 5 mchana kutwa, unachoma umeme bure. Na sisi wa pwani tuna mtihani wa ziada. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hayafiki hata 8. Joto hilo hilo linawaongezea bakteria hamu ya kula. Kwa hiyo mtambo uliopigiwa hesabu za nchi za baridi, ukaletwa kwetu vilevile ulivyo, utapumua kwa shida. Muulize anayekuuzia hesabu zake zimefanywa kwa joto gani.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe za kuingiza hewa, kwa sababu watu huniuliza "ipi bora?" kama vile wananunua redio.

Kwa umeme, hakuna inayozifikia difyuza za mapovu madogo. Kwenye maji safi, zikiwa mpya na tangi lina kina cha kutosha, zinaweza kuyeyusha zaidi ya maradufu ya oksijeni inayoyeyushwa na mashine ya kukoroga juu kwa uniti moja ya umeme. Kwenye majitaka ya hoteli faida hiyo hupungua, kwa sababu sabuni ya dobi hufanya oksijeni iwe ngumu kuingia majini, na mapovu madogo ndiyo huathirika zaidi. Mafuta ya jikoni nayo huushambulia mpira, unavimba au unakakamaa hadi unapasuka. Wa kwetu ulipotolewa ulikuwa mgumu kama soli ya kandambili kuukuu. Nilipofuatilia nikakuta mtego wa mafuta wa jikoni haujasafishwa tangu mimi niajiriwe. Ukitaka difyuza zidumu, anza jikoni.

Mabomba yenye matundu makubwa hayazibi ovyo, ndiyo maana utayakuta kwenye mitambo mingi midogo ya maghorofa. Gharama yake inakuja kila mwezi kwenye umeme. Mafundi wenzangu wengine huchukua bomba la plastiki, wanalitoboa kwa drili na kuliunga moja kwa moja kwenye blowa. Jamani, hewa ikibanwa hutoka na joto, bomba linaweza kuchoma mkono. Plastiki ile hulainika na kujipinda ndani ya wiki. Mita za mwanzo kutoka kwenye blowa ziwe za chuma, ukishafika chini majini ndipo uweke plastiki.

Mashine za kukoroga juu, zile zinazorusha maji hewani kama pangaboi lililozama nusu, zina sifa moja ninayoiheshimu: kila kitu kiko juu. Mota unaiona, gia boksi unaitia mafuta, ikifa unaitengeneza umesimama pakavu. Zinafaa kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina. Lakini zina kelele na hutawanya matone ya majitaka yanayopeperushwa na upepo, kwa hiyo usiziweke mita 30 kutoka kwenye bwawa la kuogelea halafu ukashangaa wageni wakilalamika.

Kuna pia pampu za kuzamisha zinazovuta hewa kupitia bomba refu na kuirusha pamoja na maji. Mimi hiyo huiita ya dharura. Ndiyo iliyotuokoa ule mwezi, tuliishusha kwa mnyororo mchana mmoja, na kufikia siku ya tatu harufu ilikuwa imepungua. Inakula umeme, lakini huhitaji kumwaga tangi.

Kwa sababu kumwaga tangi ndiyo kazi. Difyuza zetu zilikuwa zimefungwa kwenye sakafu ya zege kwa bolti, na tangi lilikuwa moja tu. Ilibidi magari ya majitaka yaje safari baada ya safari, na tope lote tulilolilea kwa miezi likaondoka nayo. Halafu mtu ashuke. Hapa nasema kwa ukali: usishuke kwenye tangi la majitaka peke yako, hata likionekana tupu. Gesi ya mayai viza ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, unadhani imeisha kumbe ndiyo imekuzidi. Tulipuliza hewa safi mle usiku kucha, tukaingiza kipima gesi kwanza, aliyeshuka amefungwa kamba na watu wawili wameishika juu. Ukikosa kipima gesi, usishushe mtu.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji siku hizi si nguvu ya farasi ngapi. Namuuliza: sahani moja ikichanika, nitaitoaje bila kumwaga maji? Wapo wanaouza difyuza zilizofungwa kwenye fremu inayonyanyuliwa kwa winchi. Ni ghali kidogo. Wengine huanza kuangalia simu.

Na kuna kifaa cha bei ndogo ambacho kingeniokoa na aibu ile yote: geji ya presha kwenye bomba la blowa. Tangi lenye maji ya mita 4 juu ya difyuza linahitaji presha ya takribani ba 0.4, na kidogo cha ziada cha kupita mabomba na mpira. Andika namba hiyo ukutani siku mtambo ni mpya. Presha ikipanda polepole mwezi baada ya mwezi, difyuza zinaziba. Ikishuka ghafla, kuna kitu kimechanika au kimeachia. Geji yetu ilikuwepo. Ilikuwa imejaa vumbi na chumvi ya bahari kiasi kwamba sikuwa nimewahi kuisoma.

Vipimo vingine havihitaji fedha. Chota lita moja ya maji ya tangi, weka kwenye chombo kinachoonyesha ndani chenye alama, subiri dakika 30 uone tope limetua hadi wapi. Litazame rangi: kahawia kama chokoleti, yenye harufu ya udongo ulionyeshewa, ni salama. Likiwa jeusi, hewa haifiki.

Hewa ikizidi pia ni shida, na hili nililijua masika iliyofuata. Hoteli karibu tupu, wageni hawafiki kumi, blowa inanguruma mchana na usiku kama Desemba. Tope likakosa chakula, likavunjikavunjika kuwa chembe zisizotua, maji yakatoka na ukungu. Tuliweka taima: blowa inawaka dakika 20, inazima 40. Chembe zikaanza kushikana tena baada ya wiki mbili hivi.

Bosi alipita siku moja wakati imezima, akalikuta tangi kimya kabisa, limetulia kama kisima.

"Fundi, mtambo umekufa?"

Nikamwonyesha geji, nimeifuta kioo. "Subiri dakika tano, bosi."