Je, ugaidi wa Beni ni wa ndani au wa kimataifa?

SWALI: Bwana Mhariri, ninaishi komini ya Katuba, Lubumbashi. Mara nasikia ADF, kundi lenye silaha la huko Beni, mashariki mwa Kongo, wakiitwa waasi wa Uganda, mara magaidi wa Dola la Kiislamu. Ni lipi sahihi? Nauliza kwa wasiwasi, kwa sababu mdogo wangu aliyeko Butembo ameandikiwa kwa WhatsApp na mtu asiyemfahamu, anayemwahidi kazi ya machimbo ya dhahabu upande wa Mambasa, na tayari ametumiwa nauli kwa simu.

JIBU: Ndugu msomaji, majina yote mawili ni sahihi. ADF walianza katika miaka ya 1990 wakiipinga serikali ya Kampala, kisha wakajichimbia katika misitu ya Beni. Kiongozi wao, Jamil Mukulu, alipokamatwa Tanzania mwaka 2015, Musa Baluku alishika nafasi yake na kuliunganisha kundi na Dola la Kiislamu, ambalo mwezi wa Aprili 2019 lilidai kwa mara ya kwanza kuwa limeshambulia katika ardhi ya Kongo. Tangu hapo mapanga na bunduki vimeongezewa mabomu: Novemba 2021 yalilipuka katikati ya jiji la Kampala, na Januari 2023 jingine likawaua waumini kanisani Kasindi. Hadi mwaka 2022, wapiganaji hao na wale wa Cabo Delgado, Msumbiji, walihesabiwa kuwa "jimbo" moja, yaani tawi moja, la Dola la Kiislamu.

Wanaouawa ni wakulima wetu wa Beni na Ituri, mashambani mwao. Bendera na sehemu ya fedha hutoka ng'ambo. Hata Marekani mpaka kati ya ugaidi wa ndani na wa kimataifa umefifia: aliyewagonga watu kwa gari New Orleans tarehe 1 Januari 2025, wakafa 14, alikuwa mzaliwa wa nchi hiyohiyo, na bendera ya Dola la Kiislamu ilikuwa garini.

Sasa habari ya mdogo wako, ambayo ndiyo ya haraka. Siwezi kusema kwamba aliyemwandikia ni mwajiri wa kweli au sivyo, lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao jinsi vijana wanavyovutwa na ADF kwa ahadi za kazi au masomo, wakajikuta porini pasipo njia ya kurudi. Wengi waliomo humo walidanganywa au walitekwa, na inaniumiza kuona wote wakihesabiwa kuwa wauaji. Mdogo wako asisafiri. Amtake mtu huyo jina la mwenye machimbo, mahali kamili yalipo, na mfanyakazi mmoja anayefahamika Butembo ambaye familia inaweza kuonana naye ana kwa ana. Akikwepa, au akimsihi asimwambie mtu, mazungumzo yaishie hapo. Ujumbe wote na namba iliyotuma nauli avihifadhi bila kufuta chochote, kisha avipeleke kwa mwanasheria au kwa viongozi wa mashirika ya kiraia ya Butembo, akiwa pamoja na mzee wa familia, kabla ya kufika mbele ya vyombo vya usalama.