Kima aliyeacha moyo mtini: majibu kwa maswali yenu

Mwalimu, mtihani u karibu. Hurafa na hekaya zatofautiana vipi? (Mwanafunzi, Kisauni)

Hurafa ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama wasemao na kutenda kama watu. Hekaya ni ya mjanja anayewazidi wenzake kwa hila, kama visa vya Abunuwasi. Sungura huingia kote kuwili, kwa hivyo toa sababu yako, usibandike jina tu.

Nyanya alikuwa akitusimulia kisa cha kima na papa. Ni chetu, au kilitoka Bara Hindi? (Mama wa wawili, Mji wa Kale)

Mzizi wake uko India, dada yangu, katika Panchatantra, ambamo rafiki wa kima ni mamba. Karne ya 6 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kipahlavi, Kiajemi cha zama hizo, na karne ya 8 mwandishi Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo mamba amegeuka kasa. Mwaka wa 1870, mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha ngano alizokusanya Unguja, kasa naye ameondoka na papa ndiye aliyembeba kima mgongoni.

Wasimulizi wa pwani walijua walifanyalo. Kima yuko katikati ya maji, pwani haionekani, ndipo papa amwambia kwamba sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Ajibu papo hapo: mbona hukuniambia mapema? Sisi mioyo yetu twaiacha mitini, turudi tukauchukue. Aliyewahi kuvuka bahari kwa mtumbwi huisikia hofu hiyo tumboni. Kwangu mimi kisa hiki ni chetu kabisa.

Binti yangu hulia punda wa dobi akiuawa. Nibadilishe mwisho? (Baba, Likoni)

Usibadilishe, ndugu yangu. Kima, akiwa amerudi salama juu ya mti na papa akimwita tena waende, ndiye anayemjibu kwa kumsimulia habari za punda huyo: alishambuliwa na simba, akaponea chupuchupu, kisha akadanganywa na sungura akarudi kulekule. Sungura akala moyo na masikio, akamwambia simba kwamba punda hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Punda akiponea mara ya pili, jibu la kima kwa papa halina maana. Binti akilia mpakate, umwache aulize.

Nikimaliza, niwatajie watoto funzo? (Mwalimu wa chekechea, Changamwe)

Ningekuomba usitaje. Hata katika ngano za Aesop, msimulizi wa Ugiriki ya kale, mafunzo mengi ya mwishoni yaliongezwa na waandishi waliokuja baadaye. Wanapoitikia “Pakawa!” watoto wameshaingia kazini, na funzo la haraka huwatoa. Juzi barazani nilipofika pale kima aliporukia tawi, mtoto mmoja aliweka kiganja kifuani, akanyamaza, akisikiliza kama wake upo. Nikanyamaza naye.