Maswali na Majibu: Droni na Ujifunzaji wa Mashine katika Kufuatilia Nyufa za Jengo la Kale

SWALI: Ninashiriki kusimamia jengo la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 100. Lipu yake ya chokaa imebanduka sehemu nyingi, na mnara wake haufikiki kwa ngazi. Tulirusha droni umbali wa mita 15 kutoka ukutani, kisha tukazipitisha picha kwenye programu ya kutambua nyufa iliyofunzwa kwa picha za zege. Programu hiyo ilitia alama karibu kila kiungo cha mawe, lakini ikauruka ufa tunaoujua ulio chini ya dirisha la mnara. Je, kasoro ni ya programu au ya picha? Na je, njia hii inaweza kutuambia kama ufa huo unazidi kupanuka?

JIBU: Kasoro ziko pande zote mbili, ila anzeni na picha, kwa kuwa hakuna programu inayoweza kukiona kitu ambacho kamera haikukinasa. Kabla ya kurusha droni, amueni ni ufa mwembamba kiasi gani mnaotaka kuuona, kisha fanyeni hesabu hii: zidisheni umbali kutoka ukutani kwa ukubwa wa pikseli moja ya kamera (nukta ndogo kabisa inayounda picha), halafu mgawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi (umbali kati ya lenzi na mahali inapokusanya mwanga). Kwa kamera yenye pikseli za mikromita 2.4 na lenzi ya milimita 8.8, kwenye umbali wa mita 15 kila pikseli inabeba takriban milimita 4 za ukuta. Ufa wa milimita moja unachukua robo tu ya pikseli hiyo. Pengine utaonekana kama mstari hafifu, pengine hautaonekana kabisa, na upana wake haupimiki kwa vyovyote. Mkisogea hadi mita 4, pikseli inabeba milimita 1.1, na hapo programu inakuwa na kitu cha kukishika.

Hata hivyo, sishauri kuukaribia sana ukuta wa namna hiyo. Upepo wa mapanga ya droni unaweza kuangusha lipu iliyokwisha kulegea, na ukuta mrefu huziba mawimbi ya setilaiti ambayo chombo huyategemea kutulia mahali pamoja. Afadhali kutumia lenzi yenye urefu wa fokasi mkubwa zaidi: ukiongezeka maradufu, upana wa ukuta unaobebwa na pikseli hupungua kwa nusu bila kusogea hata hatua moja. Pigeni picha siku ya mawingu, kamera ikiutazama ukuta moja kwa moja, na kila picha ipishane na jirani yake kwa asilimia 70 hadi 80 ili ziweze kuunganishwa kuwa muundo wa pande tatu. Jua la ubavuni huchora kivuli kwenye kila ukingo wa jiwe, na kivuli chembamba ndicho kitu kinachofanana zaidi na ufa.

Sasa tuje kwenye programu. Modeli, yaani ile sehemu ya programu inayojifunza kutokana na picha, ikiwa imefunzwa kwa zege imezoea uso laini wa rangi moja ambao mstari mweusi ukitokea, karibu kila mara ni ufa. Ikipelekwa kwenye ukuta wa mawe, kila kiungo kwake ni ufa. Dawa yake ni kuiendeleza modeli hiyohiyo kwa vipande vya picha za jengo lenu wenyewe. Mketi na fundi mwashi mkitenganisha ufa, kiungo, mzizi wa mmea, waya, doa la unyevu na lipu iliyobanduka. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo yenye thamani kuliko zote, na mara nyingi mabishano juu ya kipande kimoja hufichua kwamba hata wataalamu hawakubaliani ni ufa au siyo.

Mnapoipima modeli, wekeni kando upande mzima wa jengo ambao haikuuona wakati wa mafunzo. Mkichanganya tu picha zote na kuchagua kwa bahati nasibu, picha zinazopishana zitaingia kwenye mafunzo na kwenye kipimo pia, na modeli itakuwa inafanya mtihani ambao majibu yake imekwisha kuyaona. Msihadaike pia na usahihi wa asilimia 99 ambao wauzaji hupenda kuutangaza: ikiwa nyufa ni pikseli moja katika kila 100, modeli inayosema “hakuna ufa” kila mahali itapata alama hiyohiyo. Ulizeni badala yake, kati ya nyufa zilizothibitishwa na binadamu, imezikosa ngapi?

Kuhusu kupanuka kwa ufa, jibu langu ni kwamba msiitegemee droni peke yake. Kulinganisha picha za mwaka huu na za mwaka ujao kunahitaji miundo miwili ilaliane barabara, kwa kutumia alama zilizopimwa na mpima kwa vifaa vyake. Kosa la kulaliana likiwa milimita 5, badiliko la milimita 2 halina maana yoyote. Isitoshe, ukuta hutanuka na kusinyaa kwa joto, hivyo vipimo vichukuliwe msimu uleule na saa zilezile. Kwa ufa wa chini ya dirisha, mpandisheni mtu mara moja kwa jukwaa au kamba aweke kipimo chenye mistari kinachovuka ufa. Kipimo kikiwa na namba kubwa, droni inaweza kwenda kukisoma kila baada ya miezi michache, na hiyo ni kazi inayoiweza vizuri.

Orodha ya nyufa inayotolewa na programu iwaonyeshe mahali pa kupeleka jukwaa, nao wanaopanda wagonge lipu kusikiliza uwazi ulio nyuma yake, jambo ambalo kamera haioni. Picha ghafi zihifadhiwe nakala mbili mahali tofauti, pamoja na tarehe, umbali na lenzi iliyotumika, hata zile ambazo modeli haikuona kitu ndani yake. Kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, vipimo vya leza vilivyochukuliwa miaka kadhaa nyuma na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon viliwafaa warejeshaji, ingawa havikuchukuliwa kwa ajili ya moto.